Firauni Aliyevaa Kikoi cha Babu

Kwa kazi mimi ni mkalimani wa mahakama. Asubuhi naendesha gari kutoka Laurel hadi Upper Marlboro, huku Amerika, naupitisha mkoba wangu kwenye mashine ya ukaguzi, kisha nakaa kando ya mtu ambaye siku yake imekwisha kuharibika na kusema kwa Kiingereza kila anachosema yeye kwa Kiswahili. Sheria ni kwamba nisiongeze, nisipunguze, na niseme "mimi" pale anaposema "mimi". Akisema aliendesha gari akiwa amelewa, nasema niliendesha gari nikiwa nimelewa. Kwa hiyo nimekiri ulevi mara nyingi kuliko mlevi yeyote wa kaunti ile, na tangu kuzaliwa sijaonja hata bia. Tena nimeapa kwamba ninayoyasikia mle ndani hayatoki nje. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi sita, kiapo hicho kilimuudhi kuliko baridi.

"Haya, leo adui alikuwa nani?" aliniuliza kila jioni, kabla sijavua koti.

"Siwezi kusema, Mama. Nimekula kiapo."

"Mimi nitamwambia nani? Simjui hata mtu mmoja Amerika nzima!"

Neno adui hapa lisikutishe. Kwa mama yangu maisha yote ni picha ya Kihindi, na kila picha ina stelingi, yaani mwenye picha yake, na ina adui anayemtia stelingi tabu mpaka dakika ya mwisho. Alipokuwa msichana, shangazi yake alimchukua sinema kwenye maonyesho ya wanawake. Dada zake hawakupelekwa, kwa hiyo akirudi nyumbani alikalishwa uani na kuihadithia picha yote, nyimbo, vilio na magumi, mpaka wanawake wa nyumba ya jirani wakaja na majamvi yao. Kihindi alikiokota humohumo. Alijua kumlaani adui na kumlilia mchumba kwa Kihindi kabla hajajua kuomba maji. Kiingereza, kwa upande mwingine, hakukigusa.

Binti yangu ana miaka kumi na amezaliwa hapa. Baba yake anakaa Fairfax na mke mwingine, mwanamke mpole ambaye Mungu amlipe. Mtoto anasikia Kiswahili changu, kile cha vaa viatu na zima taa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili cha bibi yake, cha Tanga, cha kasi na mafumbo, kilimpita juu ya kichwa. Basi nyumbani nako nikawa mkalimani, bila malipo, na nakiri hapa bila kulazimishwa na mtu kwamba nilikuwa mkalimani mwongo. Mtoto akisema nyumba nzima inanuka papa, nilimwambia Mama kwamba mjukuu anasifu mapishi. Mama akisema mtoto huyu amelelewa na simu, nilimwambia mtoto kwamba Bibi anakuona una akili. Miezi mitano nilikaa katikati yao nikipaka sukari kila kitu, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Wenyewe hawakudanganyika. Walilala chumba kimoja na hawakuwa na la kusemezana.

"Nalala na mjukuu wangu kama abiria wa treni," Mama aliniambia siku moja akikunja nguo. "Kila mtu anashuka kituo chake. Nisipozungumza naye safari hii, nitazungumza naye lini? Magoti haya hayapandi ndege mara ya pili."

Alisema kweli, na ile kweli ilinitia hofu. Mjukuu wake ni huyo mmoja tu. Nilitaka wajuane, na nililitaka hilo kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule.

Kisha Misri ikaingia nyumbani. Darasa la binti yangu lilikuwa linasoma Misri ya kale, na kulipangwa siku ambayo kila mtoto angevaa kama mtu wa huko na kuwasimulia wazazi habari zake. Yeye alimchagua malkia mmoja aliyejibandika ndevu za bandia akajiita mfalme, na watu wakanyamaza wakamsujudia. Mtoto alimpenda huyo kichaa. Akaanza kuishi Misri. Mezani alitueleza jinsi maiti wa kifalme alivyotolewa ubongo kwa kulabu kupitia tundu la pua.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anasema mchuzi umekolea."

Siku moja tukiwa garini, mimi natafuta njia ya kutokea barabara kuu, akaniuliza Pharaoh kwa Kiswahili anaitwaje. Nikajibu Firauni, kitaalamu, kama kamusi, macho yangu yakiwa kwenye lori la mbele. Kamusi haikosei. Lakini kamusi haijalelewa na mama yangu. Kwetu firauni si mfalme wa mtu. Firauni ni mtu asiye na haya, mchafu wa tabia, wa kufungiwa mlango watoto wasimwone. Namjua mama yangu kuwaita firauni watu wawili tu maishani mwake, na mmoja wao alikuwa mume wangu.

Jumamosi ile nilikuwa jikoni nakaanga bagia, na Mama alikuwa kwenye kochi na kahawa yake. Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti yangu akatoka amejifunga kilemba cha mistari kilichoshuka mpaka mabegani, kidevuni ana ndevu za kitambaa kilichoviringishwa na kufungwa kwa mpira wa nywele, na kifuani amekingamisha mwiko na upawa, kama wale wafalme wanavyochorwa na fimbo zao. Akasimama mbele ya bibi yake.

"Bibi," akasema, "mimi ni Firauni!"

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili kwa bibi yake ambayo hakusukumwa kuisema. Niliona wazi kwamba aliifanyia mazoezi, maana kila herufi ilikaa mahali pake. Uso wa Mama ukafunguka. Kisha akakitazama kile kilemba, na mimi nikakitazama, na mafuta yakaanza kuungua.

Kilikuwa kikoi cha marehemu baba yangu. Mama alikuja nacho kutoka Tanga kimekunjwa ndani ya kanga mbili, na usiku alikiweka chini ya mto. Hakumwambia mtoto, angemwambiaje? Mtoto aliona nguo yenye mistari ya njano na buluu, mistari ileile ya kwenye kitabu, akachukua mkasi. Pande moja lilikuwa kilemba, jingine ndevu, jingine mkanda, na mengine, tulikuja kuyaona, yalikuwa sakafuni chumbani.

"Kweli," Mama alisema polepole. "Kweli wewe firauni."

Mtoto akanigeukia. Maneno aliyasikia, sauti ndiyo hakuielewa. Akaniuliza kwa Kiingereza kama Bibi amekasirika.

Sasa hapa nataka nisimame kizimbani mwenyewe. Ningeweza kusema ndiyo, amekasirika, hiyo nguo ni ya babu yako. Badala yake nilitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza: Bibi anasema kweli wewe ni Firauni. Hakimu yeyote angeipitisha tafsiri ile. Na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusema chini ya paa lile.

Mtoto akachanua. Akamwinamia bibi yake, akaunyanyua upawa, akatembea ubavuubavu kama wale watu wa kwenye kuta za makaburi, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma.

"Namtukana, na bado anacheka!" Mama akasema. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Kesho yake madrasa ilimaliza kazi niliyoianza. Pale kuna msichana wa Kimombasa, mkubwa kidogo kwa binti yangu, na binti yangu akamsimulia kwa fahari kwamba bibi yake amemtambua kuwa firauni. Yule msichana akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza. Nilipokwenda kumchukua aliingia kiti cha nyuma, jambo ambalo hafanyi.

"Mama," akasema tulipofika kwenye taa za barabarani, "uli-translate vibaya."

"Nilitafsiri neno kwa neno."

"Ulijua."

Nilijua, ndiyo. Nikamwambia pia habari ya kikoi, kwa kuchelewa, na nikamwona kwenye kioo akigeuzia uso dirishani. Tangu hapo akanyamaza. Kwa bibi yake alinyamaza kwa aibu, kwangu kwa hasira. Mama naye aliacha kusema "mwambie". Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne Mama arudi Tanga. Nikajitolea kutafsiri kila kitu kwa uaminifu, hata matusi, lakini hakuna aliyenipa cha kutafsiri. Pande zote mbili zilinifukuza kazi. Jumatatu nililia kwenye maegesho ya mahakama, nikajifuta uso, nikaingia ndani kukiri wizi wa matairi ya mtu.

Jumatano nilirudi mapema kidogo, kesi iliahirishwa. Nikafungua mlango nikasikia fidla, zile nyingi zinazolia pamoja mtu akitaka kufa. Mama alikuwa upande mmoja wa kochi, vipande vya kikoi vimejaa mapajani, sindano mkononi, na kwenye televisheni picha ya Kihindi ya zamani. Upande wa pili kabisa alikaa binti yangu na daftari la hesabu ambalo halikuwa na hesabu. Macho yake yalikuwa kwenye maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha.

Adui akasema jambo. Mama akacheka, na sekunde ileile mtoto akacheka.

Mama akageuka. "Umejuaje?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye maandishi. Akasita. Kisha akasema, "Na wewe, Bibi, umejuaje?"

Mama akagusa sikio lake.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikaweka mkoba chini nikaanza, "Bibi anasema..."

"Nyamaza," wakasema wote wawili.

"Nyamaza, mwongo wewe," Mama akaongeza, "tusikilize."

Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mgeni. Kwenye picha, baba mtu akauawa na ndugu yake mwenyewe kabla hata ya wimbo wa kwanza, na mjane akakimbia na kitoto kichanga gizani. Binti yangu akaruka akasimamisha picha.

"Bibi! Stori hii ni ya Egypt!"

"Misri."

"Misri. Kuna king. Mfalme. Yeye ni mzuri. Brother yake mbaya, anataka kiti."

"Adui," Mama akasema.

"Adui! Yeye anaitwa..."

Mama akainua mkono wenye sindano. "Majina ya masanamu siyataki humu ndani. Adui yatosha. Na huyo mwingine ni stelingi. Endelea."

Mtoto akaendelea. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili kirefu namna ile, kimeungwaungwa, ngeli zimepishana, na panapokosekana neno mikono ilisaidia. Adui alimfungia stelingi ndani ya sanduku akamtupa mtoni. Kisha akamkata vipande kumi na vinne, akavitupa kila mahali.

"Akafa?" Mama aliuliza.

"Akafa."

"Basi huyo si stelingi. Stelingi hafi. Huyo ni baba wa stelingi. Ana mtoto?"

Mtoto akalifunga daftari. Alikuwa amesoma vitabu vitatu na hakuna hata kimoja kilichomwekea jambo wazi namna ile. "Anaye. Kichwa chake ni cha ndege."

"Kichwa chake shauri yake. Atamlipizia babake?"

"Atalipiza!"

"Ndiyo stelingi huyo. Sasa mke alifanya nini?"

Mke alizunguka nchi nzima akitafuta vipande vya mumewe, kimoja kimoja, akapata kumi na vitatu. Cha kumi na nne hakukipata.

"Kiko wapi?"

"Samaki kala."

"Kipande gani?"

Mtoto akainua mabega. Kitabu chake, kitabu cha watoto, kilisema kipande tu. Mama akanitazama mimi, na mimi nikalitazama birika la kahawa. Nilibana midomo. Kicheko kikanitoka. Mama alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Samaki kala!" akarudia, anajifuta machozi kwa kipande cha kikoi, "maskini mke wa watu, samaki kala!" Na mtoto akacheka kwa sababu bibi yake anacheka.

"Na mtoto kampata vipi, na hali ndiyo hiyo?" Mama akauliza alipopata pumzi.

"Kitabu kinasema magic."

"Aa. Maua mawili yakagusana." Kwa asiyejua, hivyo ndivyo mimba zilivyoingia katika picha za wakati wake: wawili wanaimba, wanapotea nyuma ya mti, maua mawili yanagusana, na picha inayofuata mtu anatapika.

Mtoto akataka kuendelea na vita vya stelingi na amu yake, kisha akaacha. Alikuwa anayatazama mapaja ya bibi yake. Kile kilemba kilifumuliwa, na ndevu pia, na vile vya sakafuni vyote vilikuwepo, vimepangwa kwa mistari yake, nusu vimeshonwa. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Bibi," akasema, "hiyo ni Babu?"

Ngeli ilikuwa mbovu, swali lilikuwa sawasawa.

"Ndiye babu yako," Mama akasema.

"Nisamehe, Bibi. Mimi nimemkata."

Mama hakulia, na hakumkumbatia kama wanavyofanya kwenye picha. Alisogea kidogo kwenye kochi, akapiga mahali pa kukaa. "Njoo ushike hapa," akasema, "nivute uzi."

Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na sikuwa na kitunguu cha kusingizia.

Zile siku zilizobaki sikuulizwa kitu. Nikirudi jioni nilikuta picha imesimamishwa na watu wawili wanabishana. Binti yangu alimfundisha bibi yake kwamba moyo wa maiti wa Kimisri uliwekwa kwenye mizani dhidi ya unyoya, na Mama akasema mizani sawa, lakini unyoya ni utani. Mama alimfundisha kulia kwa Kihindi. Mara moja nilisikia kutoka bafuni sauti ya kitoto ikimlaani mtu kwa lugha ambayo mimi mkalimani siijui.

Siku ya Misri shuleni Mama alikwenda amevaa baibui yake nzuri na koti langu la baridi juu yake. Mjukuu wake alivaa kilemba kipya cha kikoi kilekile, kimeshonwa vipande kwa vipande, na ndevu ambazo bibi mwenyewe alizibana kidevuni. Alisimulia vizuri. Baadaye mwalimu wake, mwanamke mchangamfu, akatueleza kwamba wafalme wale walioa dada zao ili ufalme usitoke nyumbani. Nikamtafsiria Mama.

"Si nilisema mimi?" Mama akasema. "Mafirauni watupu. Mwambie hivyo."

Mwalimu akangoja, anatabasamu. Nikafungua kinywa kusema kwamba Bibi amefurahi sana. Binti yangu akanitazama kutoka juu ya ndevu zake. Nikameza mate, nikasema lile alilosema Mama, lote, na nikaeleza neno lenyewe lina maana gani kwetu. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza, akasema atalikumbuka.

Tulimsindikiza Mama uwanja wa ndege Jumapili. Aliletewa kiti cha magurudumu kwa ajili ya magoti, na alikikalia kimalkia, mkoba mapajani. Binti yangu alikuja amevaa kilemba, watu wanamtazama, wala hajali. Alikuwa anakipapasa nyuma ya sikio.

"Bibi, hapa kuna tundu."

Ni kweli. Kipande kimoja hakikuwepo, cha ukubwa wa kiganja. Mimi nilijua kilipo, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeangalia pasi ya Mama ya kusafiria kama ipo, na ndani ya pasi, palepale penye picha yake, palikuwa na mistari ya njano na buluu imekunjwa vizuri.

Mama hakupepesa macho. "Samaki kala," akasema.

Mtoto akamtazama, kisha akautazama mkoba, na nikamwona ameelewa. Akainama, na bibi yake akamvuta kwa ncha ya kilemba akamnong'oneza sikioni. Haikuwa fupi. Mtoto akaitikia kwa kichwa, akamnong'oneza na yeye, na Mama akafunga macho akacheka bila sauti. Kisha msukuma kiti akasema muda umefika, na mama yangu akaenda zake, mkono juu, bila kugeuka nyuma, kama anavyofanya siku zote anapojua atalia.

Tulisimama hapo mpaka hatukumwona tena. Nililia wazi, sijifichi. Nilipoweza kusema nikamuuliza binti yangu, "Bibi kakwambia nini?"

Akalirekebisha tundu lake nyuma ya sikio. Akanijibu kwa Kiswahili, kile cha Tanga.

"Siwezi kusema, Mama. Nimekula kiapo."